Kujaribu programu inayotumia hifadhidata bila kuacha uchafu: mwongozo wa hatua kwa hatua

Mwongozo huu umeandikwa kwa sababu maswali yale yale yanarudi kila mara kutoka kwa vijana wanaotengeneza programu za vyama vya ushirika hapa Tabora. Kwa nini majaribio yanafaulu asubuhi na kufeli jioni ilhali hakuna aliyegusa msimbo? Kwa nini jaribio likiendeshwa peke yake linapita, lakini likiendeshwa pamoja na wenzake linakwama? Na swali zito kuliko yote: mtu anayeitwa "Fulani wa Majaribio" ameingiaje katika orodha ya malipo ya wanachama halisi? Maswali yote matatu yana chanzo kimoja: jaribio limeandika kitu kwenye hifadhidata, na hakuna aliyekiondoa.

Tiba yake ni kwamba kila jaribio lifungue muamala wake (transaction, yaani kundi la amri za hifadhidata zinazothibitishwa zote kwa `commit` au kutenguliwa zote kwa `rollback`), lifanye kazi yote ndani ya muamala huo, kisha liutengue, ili jaribio linalofuata likute hifadhidata safi, kama mzani unaorudishwa sifuri kabla ya kila ndoo kupimwa. Hilo haliwezekani iwapo msimbo wako unajifungulia muunganisho wake mwenyewe mahali ambapo jaribio halifiki. Ndiyo maana sehemu kubwa ya kazi iliyo mbele yako inahusu namna ya kuukabidhi msimbo vitegemezi vyake (vitu unavyovihitaji ili ufanye kazi, kama muunganisho wa hifadhidata) kutoka nje, na ukishaifanya, suala la muamala linabaki kuwa mistari michache tu.

Mfano tutakaoutumia ni programu ya kupokea asali. Mfugaji nyuki kutoka Sikonge au Urambo analeta ndoo zake, karani anazipima, programu inaandika pokezi, inaongeza salio la mwanachama, kisha inamtumia ujumbe mfupi wa simu. Kuandika pokezi na kuongeza salio ni lazima yatokee yote mawili au yasitokee kabisa, na ni jambo hilo hasa tunalotaka majaribio yatuhakikishie.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- PostgreSQL, yaani mfumo wa hifadhidata tutakaoutumia, iliyosakinishwa kwenye kompyuta yako. Si lazima utumie Docker (zana ya kuendesha programu ndani ya makasha yaliyotengwa); kwa mtu anayenunua bando la intaneti, kusakinisha PostgreSQL moja kwa moja kunatosha kabisa.
- Python 3.10 au toleo jipya zaidi, pamoja na mazingira pepe (virtual environment, folda yenye maktaba za mradi huo pekee) ya mradi wako.
- Maktaba za SQLAlchemy 2.0 (ya kusoma na kuandika hifadhidata kwa klasi za Python), psycopg (ya kuunganisha Python na PostgreSQL) na pytest (ya kuendesha majaribio). Ikiwa programu yako inajibu maombi ya wavuti, ongeza FastAPI na httpx.
- Ujuzi wa kuandika fankisheni na klasi za Python, na kuelewa kidogo amri za `SELECT`, `INSERT` na `UPDATE`.

Ukiwa mahali penye intaneti nzuri, pakua maktaba zote mara moja kwa `pip download` na uzihifadhi katika folda, tuseme `vifurushi`. Baadaye utazisakinisha popote, hata mtandao ukiwa umekatika, kwa amri ya `pip install --no-index --find-links vifurushi` ikifuatiwa na majina ya maktaba. Hakikisha tu kwamba kompyuta utakayosakinishia ina mfumo endeshi na toleo la Python sawa na ile uliyopakulia.

Wanaotumia fremuweki kubwa wanapaswa kujua kwamba jambo hili huenda tayari limefanywa kwa niaba yao: klasi ya `TestCase` ya Django, `DatabaseTransactions` ya Laravel, na alama ya `@Transactional` katika majaribio ya Spring zote hufungua muamala na kuutengua. Hata hivyo soma hatua zinazofuata, kwa maana mitego iliyoelezwa humu inawanasa watumiaji wa fremuweki hizo vilevile.

Hatua ya 1: Tengeneza hifadhidata ya majaribio iliyo peke yake

Ingia kwenye `psql` kama msimamizi, kisha andika:

```sql
CREATE ROLE mjaribu LOGIN PASSWORD 'weka-nywila-yako';
CREATE DATABASE asali_majaribio OWNER mjaribu;
```

Mtumiaji `mjaribu` asipewe haki yoyote kwenye majedwali ya hifadhidata halisi. Siku utakapokosea anwani, na siku hiyo huja, PostgreSQL itakukatalia badala ya kukutii.

Kisha weka anwani katika mazingira ya mfumo, si ndani ya msimbo. Kwenye Linux tumia `export`, kwenye Windows (dirisha la cmd) tumia `set` bila alama za nukuu:

```
export ANWANI_YA_MAJARIBIO="postgresql+psycopg://mjaribu:weka-nywila-yako@localhost/asali_majaribio"
```

*Kosa la kawaida:* wengi huamua kutumia SQLite katika majaribio na PostgreSQL katika kazi halisi, wakidhani kwamba SQL ni SQL. SQLite haitekelezi funguo rejea (foreign keys, zinazolazimisha rekodi irejelee rekodi iliyopo katika jedwali lingine) mpaka uiamuru kwa `PRAGMA foreign_keys = ON`, na majedwali yake ya kawaida yanakubali kupokea maneno katika safu uliyoitangaza kuwa ya namba. Jaribio litakuambia kwamba kila kitu ni sawa, kisha programu ikwame mbele ya karani na foleni ya watu wenye ndoo. Jaribu kwenye aina ile ile ya hifadhidata utakayoitumia kazini, na ikiwezekana toleo lile lile.

Hatua ya 2: Uondolee msimbo uwezo wa kujifungulia muunganisho

Hii ndiyo hatua nzito, na usiiruke. Msimbo wa wanaoanza huwa hivi:

```python
injini = create_engine("postgresql+psycopg://.../asali")

def pokea_asali(mwanachama_id, kilo):
    with Session(injini) as kikao:
        mwanachama = kikao.get(Mwanachama, mwanachama_id)
        kikao.add(Pokezi(mwanachama_id=mwanachama_id, kilo=kilo,
                         wakati=datetime.now()))
        mwanachama.salio += kilo * 8000
        kikao.commit()
        tuma_sms(mwanachama.simu, "Asali yako imepokelewa")
```

Ukiutazama kwa haraka hauna ubaya, hata ukasema umepangika. Lakini fankisheni hii imejichagulia mambo manne ambayo mwitaji wake hawezi kuyabadilisha: hifadhidata ya kuandikia, saa ya kusoma, bei ya kilo, na njia ya kutuma ujumbe. Jaribio likiiita, itaandika kwenye hifadhidata halisi na itatuma ujumbe halisi, na mfugaji aliyeko Sikonge atapata habari njema ya malipo ambayo hayapo.

Umbo linalojaribika ni hili:

```python
class HudumaYaMapokezi:
    def __init__(self, kikao, bei, saa, mtuma_ujumbe):
        self.kikao = kikao
        self.bei = bei
        self.saa = saa
        self.mtuma_ujumbe = mtuma_ujumbe

    def pokea(self, mwanachama_id, kilo):
        mwanachama = self.kikao.get(Mwanachama, mwanachama_id)
        if mwanachama is None:
            raise MwanachamaHayupo(mwanachama_id)
        self.kikao.add(Pokezi(mwanachama_id=mwanachama_id,
                              kilo=kilo, wakati=self.saa()))
        mwanachama.salio += kilo * self.bei
        self.kikao.commit()
        self.mtuma_ujumbe(mwanachama.simu, "Asali yako imepokelewa")
```

Hesabu haikubadilika. Kilichobadilika ni kwamba huduma sasa inakabidhiwa vitegemezi vyake badala ya kuvitafuta, na huhitaji maktaba yoyote maalumu kwa jambo hilo. Hoja za `__init__` zinatosha. Mahali pamoja tu katika programu nzima, pale inapoanzia, ndipo unapotengeneza injini halisi (inayofungua miunganisho ya hifadhidata), kikao halisi (`Session`, kinachosoma na kuandika rekodi) na mtuma ujumbe halisi, kisha unaikabidhi huduma.

Angalia pia kwamba ujumbe unatumwa baada ya `commit`. Ukiutuma kabla, na muamala ukashindwa kuthibitishwa, ujumbe hauwezi kurudishwa. Hakuna hifadhidata yenye uwezo wa kutengua kilichokwisha kufika kwenye simu ya mtu.

Klasi za majedwali, `Mwanachama` na `Pokezi`, ziweke katika `asali/majedwali.py` pamoja na klasi mama yao `Msingi`, na huduma iweke katika `asali/huduma.py`. Kuhusu aina za data, safu ya `salio` iwe `NUMERIC(14,2)`, safu ya `kilo` iwe `NUMERIC(8,2)` yenye sharti la `CHECK (kilo > 0)`, na upande wa Python utumie `Decimal`. Fedha za watu hazihifadhiwi katika namba za `float`.

Hatua ya 3: Andika fankisheni za maandalizi

Fankisheni ya maandalizi (fixture) huandaa kile ambacho jaribio linahitaji, kisha hukisafisha. Tengeneza faili liitwalo `conftest.py` ndani ya folda ya majaribio. Jina hilo usilibadilishe, kwa sababu pytest hulitafuta kwa jina.

```python
import os
import pytest
from sqlalchemy import create_engine
from sqlalchemy.orm import Session
from asali.majedwali import Msingi

@pytest.fixture(scope="session")
def injini():
    injini = create_engine(os.environ["ANWANI_YA_MAJARIBIO"])
    if not injini.url.database.endswith("_majaribio"):
        pytest.exit("Hii si hifadhidata ya majaribio. Nimesimama.")
    Msingi.metadata.drop_all(injini)
    Msingi.metadata.create_all(injini)
    yield injini
    injini.dispose()

@pytest.fixture
def kikao(injini):
    muunganisho = injini.connect()
    muamala = muunganisho.begin()
    kikao = Session(bind=muunganisho,
                    join_transaction_mode="create_savepoint")
    yield kikao
    kikao.close()
    muamala.rollback()
    muunganisho.close()
```

Fankisheni ya kwanza inaendeshwa mara moja tu kwa majaribio yote: inatengeneza injini, inahakikisha jina la hifadhidata linaishia kwa `_majaribio`, kisha inajenga majedwali upya. Usiondoe ukaguzi huo wa jina hata ukiona unakusumbua, kwa sababu mstari unaoufuata ni `drop_all`, na `drop_all` haiulizi mara mbili. Ikiwa mradi wako unabadilisha muundo wa majedwali kwa Alembic, endesha mabadiliko hayo hapa badala ya `create_all`, ili ujaribu muundo ule ule utakaokwenda kazini.

Fankisheni ya pili inaendeshwa kwa kila jaribio. Inafungua muunganisho, inaanzisha muamala wa nje, kisha inakipa kikao muunganisho huo huo. Maneno `create_savepoint` ndiyo moyo wa mpango mzima: kikao hakishiki muamala wa nje bali kinaweka alama ya kurejea (savepoint) ndani yake, kwa hiyo huduma inapoita `commit`, kinachothibitishwa ni kile kilichofanyika tangu alama hiyo, na muamala wa nje unabaki wazi mikononi mwa jaribio. Aliyeufungua ndiye atakayeufunga. Mistari iliyo baada ya `yield` huendeshwa hata jaribio likifeli, hivyo usiwe na hofu kwamba jaribio baya litaacha mabaki.

Hatua ya 4: Andika jaribio la kwanza

```python
from datetime import datetime, timezone
from decimal import Decimal
from asali.majedwali import Mwanachama
from asali.huduma import HudumaYaMapokezi

def saa_ya_mfano():
    return datetime(2024, 6, 3, 7, 30, tzinfo=timezone.utc)

def test_pokezi_linaongeza_salio(kikao):
    mwanachama = Mwanachama(jina="Fulani wa Majaribio",
                            simu="000", salio=Decimal("0"))
    kikao.add(mwanachama)
    kikao.commit()
    namba = mwanachama.id

    zilizotumwa = []
    huduma = HudumaYaMapokezi(
        kikao, bei=Decimal("8000"), saa=saa_ya_mfano,
        mtuma_ujumbe=lambda simu, neno: zilizotumwa.append(simu))
    huduma.pokea(namba, Decimal("28"))

    kikao.rollback()
    assert kikao.get(Mwanachama, namba).salio == Decimal("224000")
    assert zilizotumwa == ["000"]
```

Bei ya 8,000 ni ya mfano tu. Kilo 28 hazikuchaguliwa kwa kubahatisha: ndoo ya lita 20 iliyojaa asali ina uzito wa takribani kilo 28, kwa kuwa asali ni nzito kuliko maji, na mtu anayeingiza 20 mahali pa kilo anampunja mfugaji shilingi 64,000 kwa ndoo moja kwa bei hiyo ya mfano. Majaribio yakitumia namba za maisha halisi, kosa kama hilo linaonekana kwa macho. Yakitumia 1 na 2 kila mahali, halionekani.

Mstari ambao wengi huuliza kazi yake ni `kikao.rollback()` ulio baada ya kuita huduma. Umewekwa kwa makusudi. Kikao cha SQLAlchemy hukumbuka vitu vilivyomo kwenye kumbukumbu yake, na tena huona hata mabadiliko ambayo hayajathibitishwa. Kwa hiyo huduma iliyosahau kuita `commit` ingeonekana nzima kabisa mbele ya jaribio, kisha ikapoteza kila kitu kazini. Unapotengua kabla ya kusoma, kilichothibitishwa kinabaki na kisichothibitishwa kinatoweka. Kwa sababu hiyo hiyo, mwanachama wa maandalizi amethibitishwa kwanza kwa `commit`.

Endesha:

```
pytest -v
```

Hatua ya 5: Livunje kwa makusudi

Futa mstari wa `self.kikao.commit()` katika huduma, uendeshe tena. Jaribio lazima lifeli, likilalamika kwamba salio ni sifuri. Rudisha mstari huo, kisha badilisha `+=` iwe `-=`, uone likifeli kwa sababu nyingine. Jaribio ambalo hujawahi kuliona likifeli halijakuthibitishia chochote, na mimi huwaomba wanaoanza wafanye hatua hii kwa kila jaribio jipya mpaka mkono uzoee.

Hatua ya 6: Jaribu pia njia ya kushindwa

```python
def test_kilo_hasi_haziachi_alama(kikao):
    mwanachama = Mwanachama(jina="Fulani wa Majaribio",
                            simu="000", salio=Decimal("0"))
    kikao.add(mwanachama)
    kikao.commit()
    namba = mwanachama.id

    zilizotumwa = []
    huduma = HudumaYaMapokezi(
        kikao, bei=Decimal("8000"), saa=saa_ya_mfano,
        mtuma_ujumbe=lambda simu, neno: zilizotumwa.append(simu))
    with pytest.raises(IntegrityError):
        huduma.pokea(namba, Decimal("-5"))

    kikao.rollback()
    assert kikao.get(Mwanachama, namba).salio == Decimal("0")
    assert zilizotumwa == []
```

`IntegrityError` inaletwa kutoka `sqlalchemy.exc`, na usisahau kuleta `pytest` yenyewe juu ya faili. Hapa hifadhidata yenyewe ndiyo inayokataa, kupitia sharti la `CHECK`, nawe unahakikisha mambo matatu kwa pamoja: kwamba kosa limetokea, kwamba salio halikuguswa, na kwamba hakuna ujumbe uliotumwa. Jaribio la namna hii ndilo linaloonyesha kwa nini hatukubadilisha hifadhidata kwa kitu bandia, kwani kitu bandia hakina sharti la `CHECK`.

Hatua ya 7: Unganisha na maombi ya wavuti

Ikiwa unatumia FastAPI, na njia zako zinapokea kikao kwa `Depends(pata_kikao)`, basi kukabidhi kikao cha jaribio ni kazi ya mistari mitatu:

```python
@pytest.fixture
def mteja(kikao):
    programu.dependency_overrides[pata_kikao] = lambda: kikao
    yield TestClient(programu)
    programu.dependency_overrides.clear()
```

Mfanyie mtuma ujumbe vivyo hivyo. Sasa jaribio linaweza kutuma ombi kwa `mteja.post(...)`, likasoma jibu, kisha likakagua hifadhidata kupitia `kikao`, vyote vikiwa ndani ya muamala mmoja. Ukisahau `clear`, kikao kilichofungwa kitarithiwa na jaribio lolote linalofuata linaloitumia programu bila `mteja`, nalo litafeli kwa sababu isiyolihusu.

Hatua ya 8: Hakikisha hapabaki kitu

```
psql -h localhost -U mjaribu asali_majaribio -c "SELECT count(*) FROM wanachama"
```

Jibu linapaswa kuwa 0, hata baada ya kuendesha majaribio mara nyingi. Likiwa zaidi ya hapo, kuna msimbo mahali fulani unaojifungulia muunganisho wake. Tafuta `create_engine` na `Session(` katika mradi mzima, mara nyingi utaikuta ndani ya fankisheni ndogo ya msaada ambayo hakuna aliyeikumbuka.

Mambo ambayo muamala wa nje hauyawezi

La kwanza ni namba za mfuatano. PostgreSQL hairudishi nyuma namba za `serial` muamala unapotenguliwa, kwa hiyo usiandike kamwe `assert mwanachama.id == 1`. Itapita kwa jaribio la kwanza kuandika tu.

La pili ni saa. Ndani ya muamala mmoja `now()` ya PostgreSQL hurudisha wakati ule ule ulioanzia muamala, hata ukisubiri. Mapokezi matatu yaliyoandikwa kwa mfuatano yatakuwa na wakati mmoja, na jaribio linalopanga kwa wakati litatoa mpangilio usiotabirika. Ndiyo sababu mojawapo ya kuikabidhi huduma saa kutoka nje.

La tatu ni masharti yaliyoahirishwa. Sharti lililotangazwa kuwa `DEFERRABLE INITIALLY DEFERRED` hukaguliwa wakati wa kuthibitisha muamala wa nje, na muamala wetu wa nje hauthibitishwi kamwe. Amuru `SET CONSTRAINTS ALL IMMEDIATE` ndani ya jaribio ili likaguliwe papo hapo.

La nne linastahili maelezo marefu, kwa kuwa linahusu fedha na kwa kuwa huduma tuliyoandika hapo juu inalo. Tuseme makarani wawili wanapokea asali ya mwanachama mmoja kwa wakati mmoja, na salio lake ni 100,000. Wa kwanza anasoma 100,000 na kuongeza 40,000. Wa pili naye, kabla wa kwanza hajathibitisha, anasoma 100,000 na kuongeza 60,000. Salio la mwisho litakuwa 140,000 au 160,000, kutegemea nani amethibitisha mwisho, ilhali lilipaswa kuwa 200,000. Kiwango cha kawaida cha utenganisho cha PostgreSQL, yaani `READ COMMITTED`, hakizuii jambo hili, na majaribio yetu yote yatapita kwa kijani huku kasoro ikiwa imekaa kimya, kwa sababu jaribio lenye muunganisho mmoja haliwezi kushindana na nafsi yake.

Dawa yake ni kufunga rekodi wakati wa kuisoma:

```python
mwanachama = self.kikao.get(Mwanachama, mwanachama_id,
                            with_for_update=True)
```

Karani wa pili sasa atasubiri mpaka wa kwanza amalize, ndipo asome. Kulijaribu hilo kunahitaji miunganisho miwili tofauti, nyuzi mbili za utekelezaji, na uthibitisho wa kweli, maana muunganisho mmoja hauoni ambacho mwingine hajathibitisha. Majaribio hayo yaweke katika faili lake, yasitumie fankisheni ya `kikao`, na baada ya kila moja usafishe kwa `TRUNCATE wanachama, mapokezi RESTART IDENTITY CASCADE`. Yatakuwa ya polepole zaidi. Yawe machache, na yahusu tu mahali ambapo fedha au akiba ya ghala inabadilika.

Hitilafu zinazojitokeza mara kwa mara

*Majaribio yameganda, hakuna kinachoendelea.* Kwa kawaida `drop_all` inasubiri kufuli iliyoshikwa na dirisha la `psql` uliloacha wazi katikati ya muamala. Endesha `SELECT pid, state, query FROM pg_stat_activity` na utafute hali ya `idle in transaction`. Funga dirisha hilo, au tumia `pg_terminate_backend` pamoja na `pid` yake.

*"current transaction is aborted, commands ignored until end of transaction block".* Amri iliyotangulia ilishindwa, na PostgreSQL haikubali amri nyingine mpaka muamala utenguliwe au urejeshwe kwenye alama yake. Ukiiona ndani ya jaribio, yaelekea umeandika moja kwa moja kupitia `muunganisho` badala ya `kikao`.

*`PendingRollbackError`.* Kikao kilikutana na kosa wakati wa kuandika, nawe ukaendelea kukitumia. Ita `kikao.rollback()` kwanza, kama tulivyofanya katika hatua ya 6.

*`TypeError` inayotaja `join_transaction_mode`.* Unatumia SQLAlchemy ya zamani. Hoja hiyo ilikuja na toleo la 2.0. Angalia kwa `pip show sqlalchemy`, na uhakikishe mazingira pepe yamewashwa.

*Jaribio halioni data ambayo ipo.* Msomaji yuko kwenye muunganisho mwingine: kazi inayoendeshwa nyuma ya pazia, uzi wenye kikao chake, au wewe mwenyewe ukichungulia kwa `psql` wakati jaribio limesimama. Wa kwanza na wa pili wakabidhi kikao cha jaribio. Kwa kuchungulia, andika `print` ndani ya jaribio na uendeshe `pytest -s`.

*Kwenye MySQL data zinabaki ingawa muamala umetenguliwa.* Kagua kwanza kama jedwali ni la `InnoDB`, kwa kuwa `MyISAM` haina miamala kabisa. Kama ni la `InnoDB`, tafuta `CREATE TABLE`, `ALTER TABLE` au `TRUNCATE` ndani ya jaribio: MySQL huthibitisha muamala uliopo kimyakimya kila inapokutana na amri za namna hiyo. Zihamishie katika fankisheni ya `injini`.